UKURASA WA BWANA SHAMBA: Jaribu lebo kwanza, ndipo ununue mashine

Ndugu msomaji,

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli. Lakini kahawa iliyo ndani ya pakiti haiwezi kujiuza. Mnunuzi haioni. Hawezi kuinusa. Hawezi kuionja. Anachokiona ni lebo tu. Lebo ndiyo inayosema badala ya kahawa.

Siku hizi watu wengi wa Bukoba na Muleba wanafunga bidhaa zao wenyewe. Wako wanaofunga kahawa ya kusaga. Wako wanaofunga senene waliokaangwa. Wengine wanafunga asali, vanila, unga wa lishe, na mvinyo wa ndizi. Wengi wananiuliza swali moja: "Bwana Shamba, tununue mashine gani ya kuchapa lebo?"

Mwezi huu nitajibu swali hilo. Lakini kwanza nitaeleza kosa langu. Mtu akijikwaa njiani, ni vizuri awaonyeshe wenzake lile jiwe.

KAHAWA HAIJAFA

Kipo kikundi kimoja cha akina mama wilayani Muleba. Wanakaanga kahawa, wanaisaga, na kuifunga katika pakiti za gramu 250. Kahawa yao ni nzuri. Zamani walikuwa wanaandika lebo kwa kalamu. Kazi ilikuwa ndefu, na maandishi hayakulingana.

Wakaweka akiba mpaka wakapata fedha ya mashine. Wakaniita niwashauri. Mfanyabiashara alituonyesha mashine ndogo inayofanya kazi na simu. Haitumii wino wala utepe. Unaweka roli la karatasi, unabonyeza simu, lebo inatoka. Nami nikasema, "Hii ni nzuri. Haina wino, basi gharama itapungua." Wakainunua.

Lebo zilitoka nyeusi na safi. Wakapeleka maboksi kwa mwenye duka mmoja huko Mwanza. Yeye akazipanga pakiti karibu na dirisha ili watu wazione. Mwezi wa tatu akapiga simu. Alisema tarehe hazisomeki. Jina la kahawa nalo limefifia. Hawezi kuuza chakula kisichoonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti zote zilizobaki zikarudishwa.

Nilikwenda kuwaona. Tulifungua pakiti moja, tukachemsha kahawa, tukanywa. Ilikuwa nzuri kabisa. Mwenyekiti wao akaniambia, "Bwana Shamba, waitu, kahawa haijafa. Iliyokufa ni karatasi."

Kisha mama mmoja mzee akauliza, "Karatasi hii si ndugu wa risiti ya dukani? Mimi nilitunza risiti ya mabati yangu. Baada ya mwaka ilikuwa nyeupe tupu."

Alikuwa amesema kweli. Mimi mwenye cheti cha kilimo sikulifikiri jambo hilo. Yeye alilijua kwa sababu ya mabati yake.

Tangu siku ile nimejifunza neno moja, nalo ndilo ninalotaka ulishike: usianze na mashine. Anza na lebo. Jiulize lebo yako itapita wapi, itakaa muda gani, na itaguswa na nini. Ukishajua hayo, mashine itajichagua yenyewe.

LEBO INATAKIWA KUSEMA NINI?

Lebo ya chakula si pambo. Inatakiwa kumweleza mnunuzi mambo haya:

1. Jina la chakula.
2. Vitu vilivyomo ndani.
3. Uzito au ujazo halisi, bila pakiti.
4. Jina na anwani ya aliyetengeneza.
5. Tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.
6. Namba ya toleo.
7. Namna ya kutunza, na namna ya kutumia kama inahitajika.
8. Nchi kilikotengenezwa.

Kanuni za namna hii zinafuatwa katika nchi nyingi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO na WHO, yana tume yao ya viwango vya chakula inayoitwa Codex. Tume hiyo ilitoa kiwango chake cha lebo za vyakula vilivyofungwa mwaka 1985. Hapa kwetu mwenye kazi hiyo ni Shirika la Viwango, yaani TBS. Zamani chakula kilisimamiwa na TFDA. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishiwa TBS. Kwa hiyo kabla ya kuchapa lebo nyingi, waonyeshe TBS mfano wa lebo yako. Ukishindwa kufika kwao, anza na ofisi ya SIDO ya mkoa, Bukoba mjini. Na usiweke nembo ya TBS kabla hujapewa leseni ya kuitumia. Kufanya hivyo ni kosa.

Namba ya toleo ni nini? Ni namba ya mkupuo mmoja wa kazi. Kahawa uliyoikaanga leo ina namba yake. Ya wiki ijayo ina nyingine. Ikitokea mkupuo mmoja una kasoro, utarudisha huo tu, hutarudisha mali yote. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Unga wa lishe tunaoufunga hapa Kagera huwa na mahindi na karanga, na vyote viwili hushikwa na sumukuvu. Tarehe na namba zikifutika, utajuaje pakiti ipi ni ya unga upi? Watoto ndio wanaokula unga huo.

MASHINE ZA KUCHAPA LEBO

Ziko aina nne ambazo utaziona madukani.

Ya kwanza ni mashine ya joto isiyo na wino. Karatasi yake imepakwa dawa. Kichwa cha mashine kinapata moto, na dawa inageuka nyeusi pale inapoguswa. Risiti za mashine za kodi, ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa hivyo hivyo. Uzuri wake ni urahisi: hakuna wino wa kununua, na umeme unaotumika ni kidogo. Ubaya wake ni kwamba mwanga, mafuta na siku nyingi huyafifisha maandishi. Na ukiiweka mahali pa moto sana, karatasi yote hugeuka nyeusi. Inafaa kwa kitu cha siku chache, kama mkate, au anwani ya boksi linalosafiri. Haifai kwa pakiti itakayokaa dukani miezi sita.

Ya pili ni mashine ya joto yenye utepe. Hii nayo ina kichwa cha moto, lakini katikati kuna utepe wenye rangi. Moto unaihamisha rangi kutoka kwenye utepe na kuishikisha kwenye lebo. Maandishi yake hudumu. Tepe ziko za namna tatu. Utepe wa nta ni wa bei nafuu, lakini maandishi hukwaruzika. Utepe wa nta na rezini ni imara zaidi. Utepe wa rezini tupu ndio imara kuliko zote. Huu wa mwisho hutumika kwa lebo za plastiki, na huvumilia maji na mafuta. Mashine hii kwa kawaida huchapa rangi moja tu.

Ya tatu ni printa ya wino, kama zile za maofisini. Inaweza kuchapa picha za rangi nyingi. Lakini wino wa kawaida ukiloa maji hutiririka. Uko wino wa namna nyingine unaovumilia maji, nayo iko karatasi iliyotengenezwa kupokea wino bila kuloa. Uliza kabla ya kununua. Tena printa hii ikikaa wiki nyingi bila kazi, matundu ya wino hukauka na kuziba.

Ya nne ni printa ya leza. Hii hutumia unga unaoitwa tona. Unga huyeyushwa kwa moto na kugandamana na karatasi, kwa hiyo maji hayauondoi kwa urahisi. Inachapa karatasi nzima yenye lebo nyingi. Tumia karatasi za lebo zilizoandikwa kuwa ni za leza. Karatasi nyingine gundi yake huyeyuka ndani na kuharibu mashine. Tena inapopata moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Kama unatumia sola ndogo, printa ya leza inaweza kuuzima mtambo wako.

SASA ANGALIA BIDHAA YAKO

Bukoba ni mahali pa mvua nyingi. Kwa mwaka hupata karibu milimita 2,000. Hewa yetu ina unyevu. Gundi mbaya hubanduka, na karatasi mbaya hujikunja pembe. Mali inayokwenda Mwanza kwa meli au kwa basi hukutana na unyevu, jua, na kusuguana ndani ya boksi. Kumbuka hayo unapochagua.

Kahawa iliyokaangwa hutoa mafuta, na hukaa dukani kwa miezi mingi. Tumia mashine ya utepe, au lebo za leza.

Senene waliokaangwa wana mafuta mengi. Mikono ya wanaofunga nayo ina mafuta. Bandika lebo kabla ya kujaza pakiti, na tumia utepe wenye rezini.

Asali hunata, na chupa huoshwa au kufutwa mara kwa mara. Lebo ya plastiki ni bora kuliko ya karatasi.

Mvinyo na juisi huwekwa katika friji. Chupa ikitoka kwenye baridi hutoa jasho. Karatasi ya kawaida italowa. Hapa pia tumia lebo ya plastiki yenye gundi inayovumilia baridi.

Kama unataka kuuza katika maduka makubwa, utaulizwa ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, yaani bakodi. Namba zake hutolewa na GS1 Tanzania. Namba za Tanzania huanza na 620. Usinakili namba ya pakiti ya mtu mwingine. Chapa mistari kwa rangi nyeusi juu ya nyeupe. Usiichape kwa rangi nyekundu, kwa sababu mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu na hazitaiona.

JARIBIO LA SIKU KUMI NA NNE

Sisi wakulima hatupandi mbegu mpya shamba zima. Tunaipanda kwanza kwenye jaruba dogo, tunaitazama. Fanya hivyo hivyo na lebo.

Mwombe mfanyabiashara akuchapie lebo tano kwa mashine anayotaka kukuuzia. Ziwe na tarehe na maandishi madogo. Akikataa, nenda kwa mwingine. Bandika kila moja kwenye pakiti ya namna ile ile unayotumia. Kisha fanya hivi:

Pakiti ya kwanza: iweke juani kila siku.
Pakiti ya pili: itie katika maji kwa saa moja, kisha isugue kwa kidole.
Pakiti ya tatu: ipake mafuta ya kupikia kidogo, uiache.
Pakiti ya nne: iweke ndani ya boksi pamoja na pakiti nyingine, uitie katika baiskeli au pikipiki, itembee nayo wiki nzima.
Pakiti ya tano: iweke kabatini. Hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Baada ya siku 14, zipange mezani. Mwite mtu ambaye hakuziona mwanzo. Mwambie asome tarehe. Akishindwa kusoma, usinunue mashine hiyo.

Na ukitaka kuitambua karatasi ya joto mara moja, ikwaruze haraka kwa ukucha. Ukiona mstari mweusi au wa kijivu, hiyo ni karatasi ya joto.

PIGA HESABU KABLA YA KULIPA

Bei ya mashine si gharama yote. Mashine ni kama ng'ombe wa maziwa. Kumnunua ni siku moja, kumlisha ni kila siku. Chakula cha mashine ni roli na utepe.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi nimezitunga ili tujifunze tu. Wewe weka bei utakazozikuta dukani.

Tuseme mashine ya utepe ni shilingi 600,000, na itafanya kazi miaka mitatu. Roli la lebo 500 ni shilingi 20,000, yaani shilingi 40 kwa lebo. Utepe wa lebo 3,000 ni shilingi 30,000, yaani shilingi 10 kwa lebo. Kwa hiyo roli na utepe ni shilingi 50 kwa kila lebo.

Kikundi cha kwanza kinafunga pakiti 300 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni pakiti 10,800. Gawa 600,000 kwa 10,800. Unapata karibu shilingi 56. Jumlisha na 50. Kila lebo ni shilingi 106.

Kikundi cha pili kinafunga pakiti 1,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitatu ni pakiti 36,000. Gawa 600,000 kwa 36,000. Unapata karibu shilingi 17. Jumlisha na 50. Kila lebo ni shilingi 67.

Sasa tuseme duka la kuchapa mjini linakuchapia lebo moja kwa shilingi 100. Kikundi cha pili kitapata faida kwa kununua mashine. Kikundi cha kwanza hakitapata. Heri kiende kuchapisha mjini, na fedha ile kinunue kahawa ya kukaanga.

Iko njia ya katikati. Chapisha mjini lebo yenye jina, uzito, anwani na picha. Mambo hayo hayabadiliki. Acha nafasi nyeupe ya tarehe na namba ya toleo. Hizo zipige mwenyewe kwa mhuri wa tarehe. Tumia wino wa mhuri unaokauka haraka na usiofutika. Mhuri hauhitaji umeme wala simu. Kwa kikundi kinachoanza, hii ndiyo njia ninayoipenda.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Kama hesabu inaonyesha kuwa mashine inakufaa, muulize muuzaji maswali haya:

1. Je, roli na tepe zinapatikana Bukoba au Mwanza? Zikiwa Dar es Salaam tu, kazi yako itasimama kila zinapokwisha.
2. Je, mashine inakubali roli la kampuni yoyote? Ziko mashine zinazokataa roli ambalo halikutengenezwa na kampuni yao.
3. Je, inachapa lebo pana kiasi gani? Ziko za karibu milimita 50, na ziko za zaidi ya milimita 100. Pima lebo yako kwa rula kwanza.
4. Kama inatumia simu, je, programu yake inafanya kazi bila intaneti? Je, baadaye itadai malipo ya kila mwezi?
5. Ikiharibika, nani ataitengeneza, na dhamana ni ya muda gani? Dai hayo kwa maandishi.

Ukishainunua, ifunike. Vumbi na unga wa kahawa huharibu kichwa cha mashine. Kisafishe kwa spiriti na kitambaa laini kila unapobadilisha roli.

WAMEFIKIA WAPI?

Labda unauliza, akina mama wale wamefikia wapi? Hawakuitupa ile mashine. Wanaitumia kuchapa anwani za maboksi, kwa maana boksi likifika, kazi ya anwani imekwisha. Lebo za pakiti wanazichapisha Bukoba mjini, na tarehe wanazipiga kwa mhuri. Lakini kabla ya kuagiza lebo hizo walifanya jaribio la siku 14. Yule mama wa risiti ya mabati ndiye aliyesoma tarehe mezani. Alizisoma zote tano kwa sauti.

Mwenye duka wa Mwanza alipoona lebo mpya, aliagiza boksi mbili. Zamani aliagiza tano. Imani ikipotea, hurudi kidogo kidogo. Hasara ile sikuilipa mimi, waliilipa wao. Ndiyo sababu nimeona vyema kukueleza wewe kabla hujatoa fedha yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Bidhaa yetu inakaa dukani kwa muda gani kabla ya kununuliwa?
2. Njiani inakutana na nini: jua, maji, mafuta, au baridi?
3. Kwa mwezi tunafunga pakiti ngapi? Lebo moja inatugharimu shilingi ngapi?
4. Mkupuo mmoja ukiwa na kasoro, tunaweza kuzitambua pakiti zake?

Ndugu msomaji, kama kuna asiyejua kusoma katika kikundi chenu, msomee ukurasa huu. Huenda yeye ndiye mwenye risiti ya mabati.

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wako